Mkombozi Alikuwa Mtu wa Ukoo

Ndugu zangu, wazee wetu, mama zetu na vijana, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya mkombozi katika sheria na ibada ya Waebrania wa kale, yule jamaa wa karibu aliyepaswa kusimama pale ndugu yake alipoanguka. Najua wengi mmekuja na Ruthu na Boazi moyoni. Tutawafikia, na tutakaa nao. Ila naomba kwanza tupite gerezani.

Ni yapata mwaka 587 K.K., mwaka wa kumi wa Sedekia, mfalme wa Yuda. Jeshi la Babeli limeizingira Yerusalemu. Nabii Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi, kwenye jumba la mfalme, kwa sababu anasema hadharani kwamba mji utatekwa. Humo kifungoni anafika binamu yake, Hanameli mwana wa Shalumu, na kilichomleta ni shamba. Anataka kuliuza. Liko Anathothi, kijiji chao cha asili, kama kilomita 5 kaskazini-mashariki ya Yerusalemu, yaani nje ya ukuta, kule kwenye majeshi ya adui. Anamwambia Yeremia: haki ya kulikomboa ni yako, ulinunue.

Mfikirieni mtu huyo. Amefungwa, mji umezingirwa, shamba hawezi kulikanyaga, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba nchi inakwenda kuchukuliwa. Yeremia akalinunua. Akapima fedha kwenye mizani, shekeli 17, ambazo kwa vipimo vyetu hazifiki gramu 200. Akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi. Kisha mbele ya Wayahudi wote waliokuwa wameketi pale uani akamkabidhi Baruku mwana wa Neria, mwandishi wake, hati iliyotiwa muhuri pamoja na ile iliyo wazi, akamwagiza aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi.

Habari hiyo ya hati iliyofungwa na hati iliyo wazi ilikuwa kawaida ya ofisi za siku zile, na iliendelea kwa karne nyingi. Mwaka 1961, katika pango la jangwa la Yudea karibu na Bahari ya Chumvi, msafara wa mwanaakiolojia Yigael Yadin ulikuta furushi la hati za mama mmoja wa Kiyahudi aitwaye Babatha, aliyeishi karne ya 2 B.K. Kadhaa kati yake zimeandikwa mara mbili kwenye karatasi ileile ya mafunjo. Maandishi ya juu yamekunjwa na kufungwa kwa uzi, ya chini yameachwa wazi ili yeyote asome. Ukitokea ugomvi, hakimu anafungua sehemu iliyofungwa na kuona kama kuna aliyechezea sehemu ya wazi. Yeremia alitaka shamba la Anathothi liwe na ushahidi wa namna hiyo, hata kama wa kulidai wangekuwa wajukuu watakaorudi kutoka utumwani.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Tunapolitaja jina la Mkombozi katika sala na nyimbo zetu, mawazo yetu hupaa moja kwa moja mbinguni. Kwa Mwebrania wa kale jina hilo lilianzia chini, shambani na kwenye mizani ya fedha, katika ukoo wenye madeni. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba manabii walipomwita Mungu Mkombozi walichukua cheo cha nyumbani, cheo cha ndugu, wakampa Mungu pamoja na wajibu wake wote. Tusipoijua sheria ya ukoo, hatutaisikia sala yao.

Basi tuifungue sheria. Kitovu chake ni Mambo ya Walawi, sura ya 25, na mlango wa kuingilia ni aya ya 23: nchi isiuzwe kwa kudumu, kwa kuwa nchi ni ya Mungu, na Waisraeli ni wageni na wapitaji kwake. Kila ukoo ulipewa sehemu yake, ukaishika kama amana. Kwa hiyo mtu alipouza shamba kwa sababu ya umaskini, alichouza hasa ni mavuno ya miaka iliyobaki hadi mwaka wa yubile, mwaka wa hamsini, ambapo kila shamba lilipaswa kurudi kwa wenyewe. Ni kama mtu aliyeweka kitu chake rehani: mkononi kimetoka, lakini haki ya kukigomboa anayo bado.

Nani wa kukigomboa? Kama mwenyewe amepata nafuu, atalipa na kulitwaa shamba lake. Kama hana kitu, jamaa wa karibu ndiye anayekuja. Hesabu yake haikuachwa kwa matakwa ya mnunuzi. Tuchukue mfano wangu mwenyewe: shamba limeuzwa shekeli 40 ikiwa imebaki miaka 20 hadi yubile, yaani shekeli 2 kwa mwaka. Baada ya miaka 8 jamaa anakuja kulikomboa. Mnunuzi amekwisha kula mavuno ya miaka 8, imebaki 12, kwa hiyo anarudishiwa shekeli 24, na kulizuia shamba hawezi. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ilikuwa na utaratibu mwingine. Ilikombolewa ndani ya mwaka mmoja tu, na baada ya hapo ikawa ya mnunuzi milele. Sababu inaeleweka: ukoo uliishi kwa ardhi ya kulima, na kupoteza shamba kulikuwa kupoteza riziki ya vizazi.

Sasa angalieni faida ya mkombozi iko wapi. Haipo. Fedha yake inatoka, na yubile ikifika shamba ni la nyumba ya yule ndugu aliyefilisika. Hawezi kujijengea milki kwa kukomboa mashamba ya jamaa zake. Mnunuzi wa kawaida alinunua apate mavuno, mkombozi alilipa ili jina la ndugu yake lisitoke kwenye ramani ya kabila.

Sura hiyohiyo inaendelea hadi kwa mtu mwenyewe. Shamba limekwisha kwenda, deni limebaki, na sasa anajiuza mwenyewe kwa mgeni tajiri anayekaa katika nchi. Hapa sheria inataja ndugu kwa zamu yao. Akombolewe na mmoja wa ndugu zake, au ami yake, au mwana wa ami yake, au yeyote wa karibu katika jamaa yake. Hesabu ni ileile ya miaka hadi yubile, naye anahesabiwa ujira kama kibarua wa mwaka hata mwaka. Kisha inatolewa sababu ambayo ni ya ibada kabisa: wana wa Israeli ni watumishi wa Mungu, aliowatoa Misri, na aliye mali ya Mungu hawezi kuwa mali ya mtu milele.

Lazima niseme pia yaliyo machungu. Biblia haina hata simulizi moja ya yubile iliyoadhimishwa. Na katika kuzingirwa kulekule kwa Yerusalemu, Yeremia 34 inaeleza jinsi Sedekia na wakuu walivyofanya agano la kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania, wakawaacha kweli, kisha wakageuka na kuwakamata tena. Kwa hiyo tusiisome sheria hii kana kwamba kila kijiji cha Yuda kiliitii. Ilikuwepo, watu waliijua, na waliokuwa na nguvu waliipita kando. Hapo ndipo ninapoiona thamani ya shekeli 17 za Yeremia. Wakubwa wanavunja agano la ndugu, na mfungwa analitimiza.

Kuna upande mwingine wa cheo hiki ambao mahubiri yetu huurukia, nami sitaki kuurukia. Jamaa yuleyule aliyekomboa shamba ndiye aliyepaswa kutwaa kisasi cha damu. Mtu wa ukoo akiuawa, jamaa wa karibu alikuwa na haki ya kumfuatilia muuaji hadi kumuua. Kwa Kiebrania mwenye kisasi huyo anaitwa mkombozi wa damu. Kwetu mambo haya mawili yanaonekana mbalimbali, moja la huruma na jingine la upanga. Kwao yalikuwa kazi moja: kilichochukuliwa kwenye ukoo, kiwe ardhi, mtu au damu, kulikuwa na mtu wa kukidai.

Sheria haikumwachia mtu huyo mkono huru wa kuua atakavyo. Hesabu 35, Kumbukumbu la Torati 19 na Yoshua 20 zinaweka miji sita ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa Yordani, na Bezeri, Ramothi na Golani upande wa mashariki. Kumbukumbu la Torati inatoa mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kushika shoka ataufahamu. Watu wawili wamekwenda msituni kukata miti, mmoja anapiga, shoka linachomoka kwenye mpini, linampata mwenzake, anakufa. Huyo akimbilie mji wa makimbilio, kwa maana mwenye kisasi atamfuata moyo wake ukiwa bado unawaka, na njia ikiwa ndefu atamfikia. Akifika, mkutano unaamua kati yake na mwenye kisasi. Akionekana hakukusudia, anakaa katika mji huo hadi kuhani mkuu afe, ndipo arudi kwao. Akitoka kabla ya hapo na mwenye kisasi akamkuta nje ya mpaka, damu yake haina wa kuidai. Aliyeua kwa kukusudia anatolewa hata kama amekimbilia humo, ila asiuawe kwa ushahidi wa mtu mmoja, na fidia ya fedha isipokelewe badala ya uhai wake. Tajiri hakuweza kununua damu ya maskini. Nawaomba mlikumbuke hilo mnapoisikia sheria hii ikiitwa ya kishenzi.

Hata hivyo mizani ya ukoo iliweza kuelemea vibaya. Katika 2 Samweli 14 mwanamke wa Tekoa anakwenda kwa Daudi na kisa alichofundishwa na Yoabu, jemadari wa Daudi, kisa cha kubuni, lakini chenye uchungu wa kweli. Mama mjane alikuwa na wana wawili, wakapigana kondeni, mmoja akamuua mwenzake. Sasa jamaa yote imesimama inataka yule aliyebaki auawe kwa damu ya ndugu yake. Mwanamke analia kwamba watalizima kaa lake lililosalia, mume wake asiachiwe jina wala mabaki usoni pa nchi. Hapo wajibu mmoja wa ukoo unaula wajibu mwingine: kulipa damu kunafuta nyumba. Daudi anaahidi kumlinda kijana huyo. Lililoshindikana kwa sheria ya ukoo lilihitaji mfalme.

Sasa twende Bethlehemu.

Mnaijua hadithi, nitaipita mbio sehemu ya kwanza. Njaa inamtoa Elimeleki na mkewe Naomi na wana wao wawili kwenda Moabu. Elimeleki anafariki, Maloni na Kilioni wanafariki, wanabaki wajane watatu, Naomi na wakwe zake wawili wa Kimoabu. Orpa anarudi kwa mama yake, Ruthu anang'ang'ania. Wanafika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, na Ruthu anaokota masazo katika konde la Boazi, tajiri wa jamaa ya Elimeleki. Jioni anamwonyesha mama mkwe wake shayiri aliyopata, na Naomi analiitikia jina la Boazi papo hapo: huyo ni wa jamaa zetu walio karibu.

Lakini hebu angalieni muda. Mavuno ya shayiri yanakwisha, yanaingia ya ngano, yanakwisha nayo. Mji mzima unajua Naomi amerudi. Boazi ameambiwa yote Ruthu aliyomtendea mkwewe, amemsifu, amempa nafasi ya kula na wavunaji. Na bado hakuna jamaa hata mmoja aliyejitokeza kuuliza habari za shamba la Elimeleki wala za jina la Maloni. Haki ilikuwepo, watu walikuwepo, na wajibu ulikuwa umelala. Aliyeuamsha ni mwanamke Mmoabu, aliyekwenda usiku kwenye sakafu ya kupuria, akamwambia mzee wa heshima kama Boazi amfunike kwa nguo yake kwa kuwa yeye ni jamaa wa karibu. Nauona ujasiri huo kuwa ndio moyo wa kitabu chote. Naomi alimwambia angoje Boazi atakayomwambia. Yeye Ruthu alipofika ndiye aliyemwambia Boazi la kufanya.

Boazi anakubali, ila anataja kikwazo: yuko jamaa aliye karibu kuliko yeye. Haki ya ukombozi ilikuwa na foleni, na Boazi, pamoja na mali yake yote, si wa kwanza. Kwa hiyo kesho yake asubuhi anakwenda kuketi langoni.

Lango la mji lilikuwa mahakama na ofisi ya ardhi kwa pamoja. Kila aendaye shamba alipita hapo. Yule jamaa anapita, Boazi anamwita aketi, na ajabu ni kwamba kitabu hakimpi jina. Kiebrania kinamwita kwa namna ambayo sisi tungesema "fulani bin fulani". Boazi anachukua wazee kumi wa mji, nao wanaketi. Kisha anaanza na shamba peke yake. Naomi, aliyerudi kutoka Moabu, anauza sehemu ya konde la ndugu yetu Elimeleki. Ukitaka kulikomboa, likomboe, usipotaka niambie, maana hakuna mwingine mbele yako, nami ni wa baada yako. Yule jamaa anajibu bila kusita: nitalikomboa.

Bila shaka atalikomboa. Elimeleki amefariki, wanawe wamefariki, mjane ni mzee wa kupita umri wa kuzaa. Yubile ikija shamba litarudi kwa nani? Hakuna mrithi. Kwa mara moja ukombozi umekuwa biashara nzuri: analipa fedha, na konde linabaki kwa wanawe. Ndipo Boazi anapoweka neno la pili mezani, Ruthu Mmoabu, mke wa marehemu, na jina la marehemu kuinuliwa juu ya urithi wake. Hesabu yote inapinduka. Ruthu akizaa mwana, shamba litakuwa la mwana huyo, kwa jina la Maloni. Fedha itakuwa imekwenda, shamba litakuwa limekwenda, na kuna mdomo wa kulisha. Yule jamaa anasema hawezi, asije akauharibu urithi wake mwenyewe.

Simlaumu kwa haraka. Ana watoto wake wa kuwafikiria, na hakuvunja sheria yoyote. Maana hapa, ndugu zangu, tuwe waangalifu. Sheria ya kumwoa mjane wa ndugu katika Kumbukumbu la Torati 25 inawahusu ndugu wakaao pamoja, mmoja akafa bila mwana. Boazi si ndugu ya Maloni, wala fulani bin fulani si ndugu yake. Na Walawi 25, inayoamuru shamba likombolewe, haitaji ndoa hata mara moja. Katika maandiko hizo ni sheria mbili, kila moja kwao. Boazi ndiye anayezifunga pamoja mbele ya wazee, na hakuna aliyemlazimisha. Wengi hapa tunatoka katika koo ambazo mjane alirithiwa, na tunaposoma Ruthu tunadhani tunaisoma desturi yetu. Zinafanana kweli, hasa katika hilo la mtoto kuhesabiwa wa marehemu. Lakini tusisahau kwamba katika sheria ya Torati mwanamke ndiye mwenye kesi. Shemeji akikataa, mjane anakwenda langoni kumshitaki kwa wazee. Akizidi kukataa, mjane anamvua kiatu mguuni mbele ya watu wote na kumtemea mate usoni, na nyumba ya mtu huyo itaitwa nyumba ya aliyevuliwa kiatu. Ilitungwa ili mwanamume mvivu wa wajibu aone haya.

Bethlehemu kiatu kinavuliwa pia, ila bila mate na bila aibu. Yule jamaa anavua kiatu na kumpa Boazi, na mwandishi anasimama kidogo kutueleza kwamba ndivyo ilivyokuwa zamani katika Israeli katika mambo ya kukomboa na kubadilishana. Yaani kitabu kilipoandikwa, wasomaji wake walikuwa wamekwisha kuisahau desturi hiyo. Mtu anayekanyaga shamba ndiye mwenye shamba, na kukabidhi kiatu ni kukabidhi haki ya kukanyaga.

Wazee wanambariki Boazi kwa maneno yanayostahili kusikilizwa: nyumba yake iwe kama nyumba ya Peresi, ambaye Tamari alimzalia Yuda. Tamari wa Mwanzo 38 alikuwa mjane aliyenyimwa haki yake. Yuda alimzuilia mwanawe Shela, Tamari akajifunika, akaketi njiani, akamshika Yuda mwenyewe hadi akakiri kwamba mwanamke huyo ana haki kuliko yeye. Wazee wa Bethlehemu ni wa uzao huohuo. Ni kana kwamba wanakiri hadharani kuwa kabila lao zima limesimama kwa sababu mjane mmoja hakukubali wajibu wa jamaa ufe.

Obedi anazaliwa. Wanawake wanamwambia Naomi: ahimidiwe BWANA, ambaye leo hakukuacha bila jamaa wa kukukomboa. Someni aya zinazofuata polepole. Wanamnena mtoto! Boazi amelipa, lakini mkombozi wanayemwona wanawake ni kitoto kilicho mapajani mwa bibi yake, kwa sababu ndicho kitakachomtunza katika uzee na kulibeba jina la nyumba. Na jambo la mwisho juu ya kitabu hiki: nasaba inayokifunga inasema Boazi akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi. Maloni, ambaye jina lake ndilo lililoletwa langoni, hayumo katika orodha hiyo. Aliyekubali shamba liitwe kwa jina la mwingine ndiye aliyebaki na jina. Aliyeulinda urithi wake hatumjui hata anaitwaje.

Sasa ndipo twende kwa Mungu.

Katika Kutoka 4, Musa anatumwa kumwambia Farao kwamba Israeli ni mwana wa Mungu, mzaliwa wake wa kwanza. Sura mbili mbele, Mungu anasema atawakomboa kwa mkono ulionyoshwa. Kwa sikio la mtu wa ukoo mambo hayo mawili ni shauri moja. Kwanza undugu unatangazwa, kisha haki inadaiwa. Mtoto wa mtu yuko utumwani kwa mgeni, na jamaa yake amekuja. Mithali 23 inatumia lugha hiyohiyo kumwonya mnyang'anyi wa ardhi: usiondoe alama ya mpaka ya zamani, wala usiingie katika mashamba ya yatima, maana Mkombozi wao ni hodari, naye atawatetea. Yatima hana ami wala kaka wa kwenda langoni. Anayedhani shamba hilo halina mwenyewe hajahesabu vizuri.

Kitabu kinacholijaza jina hili ni Isaya, kuanzia sura ya 40, pale maneno yanapowaendea watu waliohamishwa Babeli. Yerusalemu imeanguka, mashamba yameshikwa na wengine, watu wameuzwa, na nani atakuja? Katika sura ya 50 Mungu anawauliza swali la kisheria kabisa: ni yupi katika wadai wangu niliyemwuzia ninyi? Baba mwenye deni aliweza kuwatoa watoto wake kwa mdai. Mungu hana mdai. Mliuzwa kwa ajili ya maovu yenu, anasema, na katika sura ya 52 anaongeza: mliuzwa bure, nanyi mtakombolewa bila fedha. Babeli haikulipa chochote, kwa hiyo haina cha kurudishiwa. Mnunuzi wa Walawi 25 alikuwa na miaka yake ya kuhesabiwa, Babeli haina hata mwaka mmoja. Na sura ya 54 inamwita Israeli mjane na mwanamke aliyeachwa, ikimwambia kwamba Mkombozi wake ndiye mume wake. Shamba, mtumwa na mjane wote wamo humo.

Na Ayubu. Tunaliimba lile neno la sura ya 19 kwamba Mteteaji wangu yu hai, ambalo kwa Kiebrania ni neno lilelile la mkombozi, tukisahau mistari iliyotangulia. Ayubu ametoka kuorodhesha waliomwacha: ndugu wamekaa mbali naye, jamaa zake hawaji tena, rafiki zake wamemsahau, mkewe anachukizwa na pumzi yake. Amepitia ukoo wote mmoja mmoja, hakubaki wa kumsimamia. Hapo, akiwa hana mtu, ndipo anaposema kwamba anaye, naye yu hai.

Wakristo wa kwanza waliendelea na hoja hiyo. Waebrania 2 inasema Yesu haoni haya kuwaita watu ndugu zake, na kwamba ilimpasa kufananishwa na ndugu zake katika mambo yote. Asiye wa ukoo hana haki ya kukomboa, na mwandishi yule, aliyewaandikia watu waliolelewa kwenye Torati, anatumia nguvu nyingi kuonyesha kwamba Yesu ni wa ukoo wetu kwa nyama na damu. Hilo ni somo la siku nyingine, nami muda wangu unakaribia kwisha.

Nimeliacha mwisho andiko ambalo kwangu linabeba yote, Isaya 63, aya ya 16 na ya 17. Ni sala ya watu ambao patakatifu pao pamekanyagwa na adui. Wanasema: wewe u baba yetu, ijapokuwa Ibrahimu hatujui, wala Israeli hatukiri. Mababu wenyewe, vichwa vya ukoo, hawawatambui tena. Kwa sheria ya nyumbani hapo shauri limekwisha, maana mtu asiyetambuliwa na ukoo hana jamaa wa karibu. Lakini wanaendelea: Mkombozi wetu tangu milele ndilo jina lako. Kisha wanamwomba arudi kwa ajili ya watumishi wake, na wanajitaja kuwa makabila ya urithi wake. Wamejiweka mahali pa shamba. Wanamwambia Mungu kwamba sehemu yake imeingia mikononi mwa wageni, kwamba katika foleni ya ndugu hakuna aliyebaki mbele yake, na kwamba haki ya kuwakomboa ni yake, kama Hanameli alivyomwambia Yeremia pale uani mwa walinzi.